Malalamiko Kuhusu Ukurasa wa Tisini na Nne

Anatoli Mutayoba,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Hyattsville, Maryland.

Mkuu wa Shule,
Sekondari anayosoma binti yangu Anitha,
Kaunti hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

YAH: UTOTO WA BINTI YANGU ULIOPOTEA UKIWA MIKONONI MWA SHULE YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza salamu. Natumaini u mzima, walimu wako ni wazima, na yule mama wa mapokezi mwenye miwani ya kamba naye ni mzima, maana siku niliyokuja kuulizia utaratibu wa kulalamika alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi mwenyewe nilipokuwa kazini sikulifanya kila mara. Ndiye aliyenionyesha tangazo ukutani kwamba mzazi anaruhusiwa kuandika kwa lugha yake na shule itatafuta mtu wa kutafsiri. Nimeitumia ruhusa hiyo. Kiingereza changu kinatosha kuomba radhi, lakini kulalamika kunataka lugha ya mtu mwenyewe.

Nijitambulishe. Kabla ya kuja huku nilikuwa Afisa Mtendaji wa Kata, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, kwa miaka kumi na moja. Mtendaji ndiye serikali katika kata yake. Mhuri anao yeye, na kesi za mbuzi, za mipaka ya migomba na za ndoa zinazoyumba hupita mezani kwake kabla ya kufika popote. Watu waliniita Mheshimiwa Mtendaji hata nikiwa nimevaa kandambili. Silitaji hili kwa majisifu, ingawa mimi ni Mhaya na majisifu kwetu hayahesabiwi kuwa dhambi kubwa. Nalitaja ili ujue kwamba nimesoma barua nyingi za malalamiko maishani mwangu, na malalamiko ya kweli nayatambua. Huwa yana namba.

1. Kwamba wiki tatu zilizopita shule ilimkabidhi binti yangu Anitha, mwenye umri wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa darasa la tisa, kitabu cha hadithi. Sitakitaja jina kwa kuwa sitaki kukitangazia biashara. Unakijua. Ni kile cha zamani ambacho kila Mmarekani niliyemuuliza anasema alikisoma shuleni na kilimbadilisha, nami nikimwangalia sioni ni wapi alipobadilika. Kinahusu mji mdogo wa kusini, enzi za mababu zenu, na mtoto wa kizungu wa miaka minane anayelelewa na shangazi yake. Mjini humo yumo fundi wa kuchimba visima, mtu mweusi, mwenye wajukuu, ambaye amesingiziwa kwamba ametia sumu kisima cha kanisa. Mtoto anaanza kuuliza maswali. Kidogo kidogo anagundua kwamba watu wazima wote, kuanzia mchungaji mpaka shangazi, wanajua fundi hana kosa. Wanajua, na wanakula chakula cha jioni.

Kitabu kilikuja na fomu ya mzazi kusaini. Fomu ilisema ndani mna maneno ya kihistoria yanayoweza kuudhi. Nilisaini papo hapo bila kusoma, maana mtoto wa Mhaya akionekana na kitabu kinene, baba hana swali. Nalikiri kosa hilo. Lakini fomu haikusema maneno hayo yatamuudhi nani, wala haikudokeza kwamba huenda ni mimi.

2. Kwamba mpaka ukurasa wa tisini na tatu mtoto wangu alikuwa salama. Katika ukurasa wa tisini na nne, muuza duka wa miaka kumi na tisa, asiye hata na ndevu za kunyoa, anamwita yule fundi mwenye mvi "boy". Mtoto wa kitabuni anamuuliza shangazi yake kwa nini babu mzima anaitwa hivyo. Shangazi anamjibu kwamba ndivyo tunavyosema, maliza kula.

Ilikuwa Jumanne jioni, nasi tulikuwa tunakula ndizi na maharage. Anitha anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku, na tumeshazoea kila mtu kubaki na lugha yake mezani. Akakifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani, akaniuliza: "Baba, what does Mr. Wayne call you?"

Hapa nieleze. Bwana Wayne ni mzee wa miaka themanini na sita, wa Silver Spring, ambaye ninamtunza siku tano kwa wiki na Jumamosi nusu siku. Namwogesha, namvalisha, nampikia uji wa shayiri, namsomea gazeti. Alikuwa ofisa wa serikali maisha yake yote na akili yake mpaka leo ni kali. Anakumbuka marais wote kwa mpangilio, na mbwa wote sita aliowahi kufuga. Huyu aliye naye sasa anaitwa Senator. Mimi nina miaka miwili na miezi minne katika nyumba hiyo, nina umri wa miaka hamsini na mitatu, na ananiita "boy".

Nilimjibu binti yangu kwamba ananiita kijana.

"In English, Baba."

Mheshimiwa, hapo ndipo utoto wake ulipokatika. Niliusikia.

3. Kwamba shule imeharibu kamusi yangu. Tulipofika huku Anitha alikuwa na miaka mitano, na kila lililotupata nilimtafsiria mimi. Mlinzi wa duka kubwa akitufuata kuanzia kwenye mchele mpaka kwenye sabuni, nilimwambia anatusindikiza. Kwetu mgeni husindikizwa. Ukimwacha aondoke peke yake umemdharau. Mtoto akawa anampungia mlinzi mkono wa kwaheri mlangoni, na mlinzi, sijui kwa aibu au kwa nini, akawa naye anapunga. Mama mmoja ndani ya lifti alipoukumbatia mkoba wake baada ya sisi kuingia, nilimwambia ana baridi. Enzi tukiwa bado na gari, polisi waliponisimamisha mara mbili katika wiki moja kuniuliza gari hili ni la nani, nilimwambia wamelipenda. Jirani mpya aliponifungulia mlango na kuniuliza chakula chake alichoagiza kiko wapi, na mimi nilikuwa nimekwenda kumkaribisha jengoni, nilimwambia huku watu hujuliana hali kwa kuulizana chakula.

Ni kamusi niliyoitunga kwa miaka tisa, neno kwa neno, bila msaada wa baraza lolote la lugha. Tangu ukurasa wa tisini na nne haifanyi kazi. Jumamosi iliyopita tulikwenda kununua mchele, na mlinzi yule yule hakutusindikiza tena. Alitufuata. Naomba shule inieleze imemfanya nini yule mlinzi.

4. Kwamba kitabu kinafundisha utovu wa adabu. Bwana Wayne nilikuwa nimemfundisha salamu zetu. Anitha akija nami Jumamosi humwambia, "Shikamoo, Babu," na mzee hujibu, "Maharaba." Herufi zimegeuka lakini nia ipo. Jumamosi ya kwanza baada ya ukurasa huo, binti yangu alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, akasema, "Good morning, Wayne."

Wayne! Kavu, bila hata Bwana, kwa mzee wa miaka themanini na sita. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamtazama Abigail, binti wa mzee, mama wa miaka sitini hivi aliyekuwa anamimina kahawa, nikitegemea aangushe birika. Akatabasamu, akasema mtoto anajiamini. Bwana Wayne mwenyewe akafurahi. Kumbe katika chumba kizima aliyeona mzee amevunjiwa heshima ni mimi peke yangu.

Ndani ya basi nikamkaripia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika kweli: "Baba, yeye iko na jina. Na wewe iko na jina. Mimi nimeita yake. Sasa yeye aite yako." Ngeli alizivunja zote. Hoja haikuvunjika.

5. Kwamba kitabu kinadai ni cha zamani. Fomu yenu ilisema historia, na mimi historia naijua, ni jambo lililokwisha. Sasa iweje wahusika wake niwakute Hyattsville? Yapo mawili tu: ama mwandishi alituota, ama mtaa unamwiga. Mimi nimeegemea la pili. Nimesoma sheria ya hakimiliki katika maktaba ya umma, nikisaidiwa na kijana mpole wa pale, na nimeelewa kwamba kunakili kazi ya mtu bila idhini ni kosa. Basi mlinzi amenakili ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, ambapo fundi anafuatwa dukani. Mama wa lifti amenakili ukurasa wa sitini. Bwana Wayne amenakili ukurasa wa tisini na nne, neno kwa neno, mara ishirini kwa siku, kwa miaka miwili na miezi minne, na hajawahi kumtaja mwandishi.

Nashauri shule, kwa kuwa ndiyo wakala wa kitabu hiki, iwafungulie mashtaka wote kwa pamoja. Mahakama ikiwalazimisha kuwa wabunifu, angalau tutapata matusi, samahani, nilitaka kuandika maneno, mapya.

6. Kwamba nilikuja kwenye kikao cha wazazi kilichoitishwa kuhusu kitabu hicho hicho, nimevaa koti na tai. Mama mmoja wa kizungu alisimama akaomba kiondolewe kwa kuwa mwanawe, Ethan, amerudi nyumbani na huzuni, akiuliza kama babu yao alikuwa mtu mbaya. Akasema watoto waachwe wawe watoto. Nilipiga makofi peke yangu. Kisha nikasimama na kumuunga mkono kwa Kiingereza changu chote. Tulikuwa upande mmoja kabisa, Mheshimiwa. Yeye hataki mwanawe ajue, mimi sitaki binti yangu ajue, na jambo ambalo mtoto halijui ni kama halipo.

Kikao kilipovunjika alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru sana. Halafu akaniuliza mashine ya joto ya ukumbi itatengenezwa lini, maana watoto wanaumia kwa baridi.

Nilimwambia Alhamisi.

Anitha alikuwa nyuma yangu ameshika makoti yetu. Nilitafuta neno la kuingiza kwenye kamusi mpaka tukafika kituoni, sikulipata. Nimesikia mashine bado haijatengenezwa, na kwa kuwa niliahidi kwa niaba ya shule, naomba lifanyiwe kazi.

7. Kwamba kitabu kimefukua marehemu. Babu yangu mzaa baba, Ferdinand, alikuwa boi wa Bwana Shauri pale Bukoba, wakati wa Mwingereza. Bwana Shauri ndiye alikuwa mtawala wa wilaya. Huenda hujui, Mheshimiwa, kwamba neno hili tunalo. Lilishuka bandarini pamoja na benchi na shati, tukalipa irabu, likawa letu. Boi ni mtumishi wa nyumbani, na kazi yake nyingine ni kutokua. Babu alikuwa boi akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa boi akiwa na mke na watoto saba. Alistaafu akiwa boi, mvi kichwa kizima. Siku ya kumzika, mtu mmoja alisimama kumsifu, akasema tumempoteza boi mwaminifu. Baba yangu aliondoka makaburini kabla ya kutupia udongo.

Kuanzia siku hiyo neno lile likapigwa marufuku nyumbani kwetu. Wenzetu walikuwa na hausiboi na shambaboi. Sisi tulikuwa na kijana wa kazi. Mtoto akiteleza, Baba alimrudisha mwanzo wa sentensi: "Sema kijana." Mimi nililelewa hivyo. Kwa hiyo Bwana Wayne aliponiita siku ya kwanza, nikiwa nimeshika sifongo na beseni, sikio langu lilifanya kama lilivyofundishwa. Lilisema kijana. Sikumdanganya mtoto, Mheshimiwa. Nilimrithisha.

Naona sasa kwamba namba saba haielekei kuwa malalamiko dhidi ya shule. Naiacha kwa sababu nimekwisha kuiandika kwa kalamu ya wino.

8. Kwamba siwezi tena kuitikia salamu. Hili ndilo linaloniuma, mengine yote ningeyavumilia.

Kila asubuhi kwa miaka tisa binti yangu amenisalimia, "Shikamoo, Baba," hata akiwa na usingizi machoni, nami nimemwitikia, "Marahaba, mama." Tangu siku ya kile kikao anasimama mlango wa jikoni, ameshavaa begi lake, ananiambia, "Shikamoo, Mheshimiwa Mtendaji." Hafanyi dhihaka, dhihaka yake naijua. Anasema taratibu, uso umetulia, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake. Nami nafungua mdomo, naufunga, nachukua koti. Siku kumi na moja leo. Siku kumi na moja natoka kwenda kumwogesha mzee wa watu bila kuwa nimeitikia shikamoo ya mwanangu. Kwetu asiyeitikia shikamoo ama amenuna ama amekufa. Mimi sijanuna.

Ushauri nimepewa. Mke wangu Domina amesema, "Anatoli, ni maneno mawili tu, mwambie unaitwa nani." Jirani yetu wa chini, Simiyu, Mkenya anayefanya kazi ghalani, amesema, na naomba radhi kwa lugha yake, "Buda, hiyo ni disrespect. Mshow jina yako na uende." Wote wanaona ni jambo jepesi. Hawajafikiri. Leo hii naweza kuamini kwamba Bwana Wayne hajui jina langu, na kwamba hajui neno lile linapiga wapi. Naweza kumsabuni mgongo mtu asiyejua. Nikishamwambia, atakuwa anajua. Na akiendelea kuniita vile, Mheshimiwa, nitamwogeshaje?

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Ukurasa wa tisini na nne uchanwe katika nakala zote za shule.

(b) Hilo likishindikana, zichanwe na kurasa nyingine, kwa kuwa nimekwisha kuzipitia nyingi kutafuta ushahidi na nimeona karibu kila ukurasa una tisini na nne yake. Libaki jalada. Lina picha nzuri ya kisima.

(c) Hilo nalo likishindikana, Anitha arudishwe darasa la pili, akasome vile vitabu vyenu ambamo wahusika wote ni dubu.

(d) Ikiwa kitabu hakiwezi kabisa kuondolewa, basi viondolewe vitu vinavyofanana nacho: walinzi, lifti, mikoba, milango ya majirani, na magari yanayopendwa na polisi, kuanzia Hyattsville mpaka Silver Spring. Nafasi ikiruhusu, na kaunti nzima. Mji mkuu wenyewe siugusi, najua una shughuli nyingi.

(e) Utoto wa binti yangu urudishwe katika hali uliyochukuliwa nayo. Maktaba yenu inadai hivyo hivyo kwa vitabu: visichanwe, visiandikwe ndani, visikunjwe pembe. Sidhani mtoto anastahili uangalizi mdogo kuliko kitabu.

Nakutakia kazi njema. Domina anakusalimu. Simiyu anakusalimu, ingawa nimeichuja salamu yake. Nisalimie walimu wote, wapishi, madereva wa mabasi ya njano, na kwa namna ya pekee Bi. Bridget, mwalimu wa Anitha, ambaye sina ugomvi naye isipokuwa kwamba anafundisha vizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa, huku tukiendelea kuulizana ni lipi,

Anatoli Mutayoba
Afisa Mtendaji wa Kata (mstaafu kwa hiari)

Nakala kwa:
Bi. Bridget, kwa taarifa.
Mlinzi wa duka, kwa utekelezaji.
Bwana Wayne (isitumwe).

NB:

Baada ya kusaini nilimpa Anitha barua hii aitafsiri, ili kuipunguzia shule usumbufu. Aliisoma mezani, kurasa zote saba. Kwenye namba tatu alicheka. Kwenye namba saba aliacha kucheka, akarudi juu akaisoma tena, maana hakuwahi kusikia habari za Ferdinand. Sikuwahi kumwambia.

Halafu akasema, "Baba, I knew. Since third grade." Mlinzi, mama wa lifti, polisi, wote. Nikamuuliza, kama ulijua tangu darasa la tatu, mbona ulikuwa unampungia mlinzi mkono? Akasema, "You looked so happy kunielezea."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mkono ule alikuwa ananipungia mimi. Kwa miaka sita mtoto huyu amekuwa akiulinda utoto wa baba yake, wala hakuna shule iliyompa msaada. Kitabu chenu hakikumwonyesha lolote. Kilimchosha kunyamaza tu. Aliniambia kwamba yule mtoto wa hadithi ana miaka minane na aliuliza, na yeye ana kumi na minne, anajua, na yuko mezani anakula maharage. "I was eating dinner too, Baba." Alilia aliposema hivyo. Na mimi nililia, naliandika hili kwa sababu barua ya serikali haitakiwi kuficha mambo ya msingi.

Kutafsiri alikataa. Alisema nimeandika kurasa saba kwa mtu ambaye hajanikosea kitu, akachukua kalamu yangu, na kama utakavyoona hapo juu kwenye orodha ya nakala, mbele ya jina la Bwana Wayne amelikata neno "isitumwe".

Basi naondoa malalamiko namba moja hadi sita, pamoja na maombi yote. Namba saba ibaki, si kwa ajili yako. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa mtendaji hachani karatasi aliyokwisha kuisaini. Aidha, naomba nakala ya Anitha isikusanywe Ijumaa. Nimefika ukurasa wa mia moja thelathini na moja, fundi amefungiwa ghalani, na mtoto anayejua mwisho wake amekataa kuniambia. Anasema sijafikia umri.

NB ya pili:

Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, kwa hiyo naongeza.

Jana saa moja asubuhi, kabla ya uji, nilimpelekea Bwana Wayne nakala yake. Niliifupisha. Ilikuwa na kichwa, YAH: JINA LANGU, na mstari mmoja, nami nilimsomea kwa sauti: My name is Anatoli. Akasema, "I know your name. Abigail told me the day you came."

Alijua. Miaka miwili na miezi minne alijua, na akala uji.

Niliweka mikono nyuma. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, kile cha kuomba radhi, ila mara hii sikuomba, "Then use it, sir." Senator akaja akalala miguuni pake. Tulikaa hivyo mpaka uji ukaganda juu, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba nitavaa koti langu niondoke. Ndipo akasukuma bakuli kidogo, akasema bila kuniangalia, "Anatoli, this is cold."

Nikaupasha.

Leo asubuhi Anitha alisimama mlango wa jikoni na begi lake. Akasema, "Shikamoo, Baba."

Nimeitikia. Malalamiko namba nane yamefungwa.

A.M.